Namba za Profesa

Watu wakisikia kompyuta ya injini imeharibika, wanadhani inaharibika kama redio: jana ilikuwa inaimba, leo kimya, tupa, nunua nyingine. Ingekuwa hivyo Koili angelala usingizi wake. Ile ya gari la marehemu baba yake haikufa, ilianza kusahau. Unawasha asubuhi, gari linanguruma vizuri kabisa, unatoka nalo, unafika kwenye mwinuko, unakanyaga mafuta, na pale pale ambapo juzi lilivuta bila kinyongo, leo linakohoa na kugonga ndani kwa ndani, kama mtu anayetafuta neno alilolijua maisha yake yote.

Gari lenyewe ni la michezo, la milango miwili, jekundu lililopauka kwenye boneti, na liko chini kiasi kwamba ukitaka kuingia lazima kwanza uelewane na mgongo wako. Baba yake alipolinunua alitoa kompyuta ya kiwandani akaweka nyingine ya kununua pembeni, kisanduku cha alumini kinachoenea kwenye viganja viwili. Kisanduku hicho ndicho kinachoamua, kila injini inapozunguka, petroli imwagwe kiasi gani na cheche ipigwe lini. Lakini hakiamui kwa akili yake, maana akili hakina. Kinasoma namba. Mtu lazima aketi akiwekee namba hizo moja moja, na akikosea, pistoni inayeyuka, kwaheri injini. Na namba za gari lile zilikuwa na sifa mji mzima. Mafundi walitoka gereji za mbali kuja kusimama nyuma ya bomba la moshi, wasikilize tu, watikise vichwa, waondoke. Ndiyo maana baba yake walimwita Profesa.

Koili nalo lilikuwa jina la utani la gerejini. Alikuwa fundi umeme wa magari, miaka ishirini na sita, na walimpa jina hilo, la kifaa kinachozalisha cheche ya injini, kwa sababu naye hakuhitaji mengi kutoa cheche. Profesa alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Gereji ilibaki, vifaa vilibaki, wateja walibaki nusu. Lakini kitu ambacho Koili alikihesabu kuwa ni baba yake hasa, si picha ya ukutani wala koti msumarini, kilikuwa ni zile namba. Mkono wa mzee ulikuwa mle ndani. Sasa kisanduku kilikuwa kinaumeza kidogo kidogo, na kila alipozima gari hakujua kesho kitaamka kimepoteza nini. Alikuwa na hofu, na hofu ikimshika Koili huwa inatoka kama ukali.

"Usinifokee mimi," mjomba wake alimwambia. "Mimi nimekuja na dawa."

Mjomba huyu, mdogo wake mama, alikuwa muuza vipuri na mpiga porojo aliyehitimu. Alikuwa amepanga kompyuta tatu mpya juu ya meza ya kazi, kila moja kwenye boksi lake, na akazisogeza kwa vidole kama muuza viatu.

"Hii ya kwanza inajifunza yenyewe. Unaiambia injini ina silinda nne, ukubwa huu, basi. Unaendesha, inanusa moshi, inajirekebisha. Ukirudi nyumbani inajua kuliko wewe."

"Na nikitaka kuona ilichojifunza?"

"Uone cha nini? Ukishakula, unataka kuona tumbo linavyofanya kazi?"

Mjomba akahamia boksi la pili. "Hii imeshajazwa huko huko ilikotoka, namba za gari la aina hii hii. Inachomeka kwenye soketi ya zamani, hukati hata waya mmoja. Ila wameifunga kwa nywila yao. Ukitaka kubadilisha kitu unawaandikia barua pepe."

"Nimwandikie mtu barua pepe kuhusu gari la baba yangu?"

"Kwa adabu."

"Na hii?"

Mjomba aliitazama ile ya tatu bila mapenzi. "Hii tupu. Umenunua daftari. Kila waya utaunga mwenyewe, kila namba utaandika mwenyewe. Inakufungulia kila kitu, ina sehemu za sensa nyingine hata sijui za nini, oili ikipungua nguvu inazima injini yenyewe kabla haijajiua. Nzuri, sikatai. Lakini nani wa kuijaza? Profesa hayupo. Usinitolee macho, nasema ukweli."

Hapo ndipo palipouma. Namba za zamani zisingeweza kuhamishwa kama zilivyo, kwa sababu kisanduku cha zamani kilihesabu muda ambao nozeli inayomwaga petroli inabaki wazi, na hizi mpya zilihesabu hewa iliyoingia kwenye silinda. Koili alilijua hilo. Ila alisema moyoni, afadhali nizisome kabla hazijaisha. Nikielewa alivyofikiri, labda nitaweza kufikiri nusu yake.

Laptopu ya zamani ilikuwa kabatini, nzito kama tofali, na waya wake mnene wenye skrubu mbili za kukazia. Iliwaka kwa kuugua. Koili alikaa kwenye kiti cha abiria, mlango wazi, akaunganisha na kisanduku, na jedwali likajichora kwenye kioo mstari baada ya mstari: kushoto mwendo wa injini kwa mizunguko ya dakika, juu uzito wa kazi, na katikati namba mia mbili hamsini na sita.

Alikuwa ameona majedwali mengi kazini kwake. Mengi yana matuta. Mtu amesahihisha hapa, akasahau jirani yake, na injini inaruka ikipita pale. Hili halikuwa na tuta. Alishuka nalo kwa kidole kutoka mwendo wa chini kwenda juu na namba zilipanda taratibu, zikakaza pale turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, inapoamka, zikalegea, zikapanda tena, na kila moja ilikuwa imewafikiria majirani zake wote. Palipokuwa pameliwa palionekana wazi: sifuri, sifuri, namba ya kipuuzi, sifuri. Sehemu iliyobaki ilikuwa nzuri kiasi kwamba alijikuta amenyamaza mdomo wazi, na yeye si mtu wa kunyamaza. Mtu amefanya hivi kwa mkono, aliwaza. Mtu alikaa humu akapima hewa isiyoonekana kwa sehemu za sekunde, mara mia mbili hamsini na sita.

Kisha akagundua kuwa ndani ya laptopu faili la namba hizo halikuwa moja. Yalikuwa arobaini na moja, yaliyohifadhiwa kwa tarehe za mwaka aliozaliwa yeye, na kila moja lilikuwa na maelezo mafupi chini.

"Mstari wa elfu nne ongeza kidogo. Dereva aliachia mafuta mapema, rudia."

"Namba za leo usiziamini. Dereva ana hasira."

"Leo dereva ameshika elfu tatu na mia tano dakika nzima bila kutikisika. Sijawahi kuona mguu kama huu."

Koili alimwita mjomba wake, wakabanana mlangoni wakisoma. Kila fundi anajua kazi hii ni ya watu wawili, mmoja anaendesha na mmoja anaweka namba. Kwa hiyo Profesa alikuwa na dereva. Mwenye namba ndiye Profesa, sivyo? Basi dereva ni mwingine. Wote wawili, watu wazima wenye gereji na duka, hawakulitilia shaka hata kidogo.

"Nani angethubutu kumkasirikia Profesa garini?" mjomba alisema, akikuna kidevu. "Yule mrefu wa matairi? Hapana, huyo hajui hata kurudi nyuma."

"Yeyote yule, alikaa pembeni ya baba faili arobaini na moja. Aliona kila kitu. Nikimpata huyo dereva, nimepata njia."

Akaichukua laptopu kwapani na kwenda kwa mama yake.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alifanyia kazi chumba cha mbele, mita za kitambaa mapajani, pini tano mdomoni. Koili alimwamkia, akakaa kwenye kigoda, akaenda moja kwa moja.

"Mama, baba alipokuwa anaweka namba kwenye gari, nani alikuwa anaendesha?"

"Yeye," mama alisema katikati ya pini.

"Hapana, yeye alikuwa na laptopu. Nauliza dereva. Ameandika humu, dereva hivi, dereva vile."

Mama yake akatoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu, akizichomeka kwenye kijimto chake cha pini bila haraka. Alipomaliza ya tano akasema, "Dereva ni baba yako, mwanangu."

Koili alimtazama. Mama akavaa miwani, akageuza kioo cha laptopu kuelekea mwanga, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekutana na rafiki aliyekonda.

"Pameliwa," alisema. "Masikini. Hapa palikuwa na tisa nukta nne."

"Majirani zake ni tisa nukta moja na tisa nukta tatu. Ingekuwa tisa nukta mbili."

"Mtu mwingine angeweka mbili. Turbo inaamka hapo, inaingiza hewa kwa kishindo. Ukiweka mbili itagonga. Iligonga. Niliweka nne."

Koili alifungua faili la mwisho kabisa lililohifadhiwa, akatafuta mstari, akatafuta safu. Tisa nukta nne. Akachagua sifuri nyingine, akaionyesha kwa kidole. "Sita nukta nane," mama alisema. Ilikuwa sita nukta nane. Akaonyesha ya tatu na ya nne, na mama akajibu kama anataja majina ya ndugu zake. Koili alikuwa amemjua mwanamke huyu tangu siku ya kwanza ya uhai wake, na hapo kwenye kigoda alihisi anatambulishwa kwake.

"Ulikuwa unaketi pembeni?"

"Nilikuwa naketi pembeni. Laptopu nikiiweka juu ya tumbo. Meza ulikuwa wewe." Mama akashuka chini kwenye maelezo, akacheka kidogo kwa pua. "Ulikuwa meza mbaya. Tukipita elfu tano unapiga mateke, namba zinaruka."

Koili alitaka kucheka na machozi yakamtangulia. Akayafuta kwa hasira. "Kwa nini hamkusema? Miaka yote hii watu wanamwita baba Profesa, na wewe umekaa hapa unapindia watu suruali. Mngesema!"

"Baba yako alisema. Kila aliyemuuliza alimjibu, namba ni za mke wangu, mimi napiga gia tu. Mbele yako. Mbele ya mjomba wako. Nyinyi mlifanya nini?"

Koili alikumbuka. Alimkumbuka mzee amesimama gerejini, mikono ina grisi, anasema maneno hayo hayo kwa utulivu, na duara zima la wanaume linavunjika mbavu, Profesa bwana, hana majivuno. Mjomba ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Na yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi, kumi na tano, ishirini.

"Tulicheka," alisema.

"Basi." Mama akairudisha pini ya kwanza mdomoni, akaitoa tena. "Mwanzoni iliniuma. Baadaye ilimuuma yeye zaidi, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Mtu aseme jambo mara ngapi?"

Aibu ilimpanda Koili mpaka masikioni. Kwa mara ya kwanza tangu kisanduku kianze kusahau, hakuwa na wa kumfokea. Akasema kitu pekee kilichobaki. "Mama, kesho utakuja gerejini? Kuna kompyuta tatu. Sijui nichukue ipi."

Mama yake alikuja asubuhi, na mkoba, na miwani kwenye kamba shingoni. Mjomba alikuwa amekwisha kuambiwa. Alisimama kando ya meza akiwa mpole kuliko siku ya kuoa.

"Dada," alianza, "hii ya kwanza inajifunza..."

"Inajifunza kutoka wapi? Sensa moja ya moshi?" Mama aliinua boksi, akasoma ubavuni. "Moshi unafika kwenye sensa injini imeshachoma. Ikichelewa kujua, pistoni haitaisubiri. Na inaonyesha ilichobadilisha?"

"Haionyeshi."

"Weka chini." Akachukua ya pili. "Hii imejazwa kwa gari jingine."

"Aina ile ile kabisa, dada."

"Nguo ya dukani nayo ni ya saizi ile ile kabisa. Hili lina nozeli kubwa, turbo si ya kwake, na kichwa cha injini kilishachongwa. Wao wanajua?" Mama akaifikia ya tatu, akaigeuza, akahesabu matundu ya soketi kwa kucha. "Ina sehemu ya sensa ya kusikia injini ikigonga?"

"Mbili," alisema Koili.

"Mbili!" Macho ya mama yakawaka. "Sisi hatukuwa na hata moja. Nilikuwa naweka kiganja kwenye sakafu ya gari. Na ikiona hatari inakata mafuta au inakata cheche?"

"Unachagua."

Mama aliigeuza tena mikononi. Koili alimwona anavyoitazama na akajiona mwenyewe jana yake mbele ya lile jedwali. "Tupu kabisa," mama alisema polepole. "Kila kitu kiko wazi. Ningekuwa na hii wakati ule." Kisha akaiweka mikononi mwa binti yake. "Unga waya. Ukimaliza niite."

Waya zilichukua siku nne. Koili alizikata, akazibana vichwa, akaandika kila mmoja lebo, akapima mara mbili kila muungano, maana waya mmoja mbaya ungefanya namba zote ziwe uongo. Siku ya tano mama alijaza jedwali la kuanzia, akatumia saa mbili, hakunakili hata namba moja ya zamani. Aliyachungulia yale ya zamani tu, akayaacha, akaandika mapya. Injini iligoma mara mbili. Ya tatu ikashika, ikatetemeka, mama akagusa kitufe kimoja, kingine, na mtetemo ukatulia.

Asubuhi iliyofuata walitoka wawili kwenda kwenye barabara ndefu ya nyuma ya maghala, ile yenye mwinuko na isiyo na watu. Mama alikaza mkanda, akaweka laptopu mapajani.

"Gia ya tatu. Elfu tatu. Shikilia hapo, usipande, usishuke."

Koili aliendesha magari kila siku ya maisha yake, akadhani ni jambo dogo. Si dogo. Mwinuko unalivuta gari, turbo inalisukuma, na wewe unatakiwa uweke mguu wa kulia kwenye mafuta na wa kushoto kwenye breki, mshale usicheze.

"Umeshuka."

"Nimeshuka kidogo tu."

"Hicho kidogo ndiyo kazi yenyewe. Tena."

Walirudia. Walirudia mpaka mapaja yakamuuma na jasho likamwingia machoni. Pembeni yake vidole vya mama vilikuwa vinatembea, namba moja, jirani yake, jirani ya jirani, na Koili alihisi gari likibadilika chini yake wakati huo huo: pale lilipokuwa linakwaruza likawa laini, pale lilipokuwa linasita likaenda. Hakuna mtu aliyekuwa ameshika spana. Mwanamke wa miaka hamsini na mitano alikuwa ameketi, miwani puani, anaifundisha injini kupumua. Na Koili akamwona na baba yake pia, kwa mara ya kwanza sawasawa: alikuwa mtu mwenye mguu wa ajabu, anayefanya anachoambiwa na anayetembea mjini akisema ukweli.

Kufikia saa nne walipanda mwinuko wote kwa gia ya tatu, mafuta mpaka chini. Gari halikukohoa wala halikugonga. Lilipanda kwa sauti moja ndefu isiyo na doa, na Koili akapiga kelele za furaha peke yake, maana mama alikuwa anasoma kioo.

Waliporudi gerejini, fundi wa rangi wa jirani alitoka na bunduki yake ya kupulizia mkononi, akaja akilisikiliza boneti.

"Sauti ya Profesa hiyo hiyo. Nani kakuwekea namba?"

"Mama."

Akacheka. Alicheka vizuri, kwa wema, akimpigapiga Koili begani. Mjomba, aliyekuwa mlangoni, alitazama viatu vyake. Koili alisikia cheche ikipanda, lakini kicheko kile alikifahamu. Alikuwa amekicheka mwenyewe miaka na miaka. Akashuka, akamtupia ufunguo.

"Endesha wewe. Fanya anachokuambia Mama."

Walikwenda, fundi wa rangi bado anatabasamu dirishani. Walirudi baada ya nusu saa. Alizima gari, akakaa kidogo na mikono kwenye usukani, akashuka, akazunguka, akamfungulia mama mlango.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "na lile langu jeupe ungeweza kulitazama?"

"Lako silinda moja haipati mafuta yake sawasawa," mama alijibu, akifungua mkanda. "Tangu mwaka jana. Likipita dirishani kwangu nalisikia."

Koili aliliona akilini dirisha la chumba cha mbele cha cherehani, na barabara inayopita mbele yake, ambayo kila gari la gereji zote hizi lazima liipite likienda na likirudi.

"Unayasikia yote?"

"Nimekaa pale miaka ishirini na sita. Ningeyaziba masikio?"

"Na yanayotoka kwangu?"

Mama yake alikunja waya wa laptopu taratibu, akautia mkobani. "Mengine mazuri sana," alisema. "Mengine nilikuwa natamani uje uniulize."

Koili akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wa ovaroli, akakiweka kando ya meza yake ya kazi. "Kaa, Mama," alisema. "Anza na lile baya kuliko yote."